Samaki Yenye Ulikula Kila Noël

Majina yangu Ngoie, mujukuu mwenye anabeba jina yangu,

Mukono yenye inaandika haiko yangu. Unajua bic mimi ninaishika kama mwiko ya kusonga bukari. Mama Feza, jirani yetu, njo anaandika. Amekaa ku kiti ya baba yako, karatasi juu ya sinia, na mvua inapiga mabati mpaka ninapaswa kusema kwa nguvu. Nilimwambia aandike vile ninasema, asinitengenezee maneno ya ku masomo, juu wewe unajua kinywa yangu. Wewe uko kwake sasa hivi, Noëlla mutoto yake anakusuka nywele ya safari. Vile ninabajua ninyi babili na masimulizi yenu, mutamaliza magaribi. Wakati iko.

Kesho asubuhi utapanda camion ya Kasenga. Chandarua, maji ya kuchemsha, mwanaume mwenye maneno ya sukari, hiyo yote sitarudilia. Nilisha kuisema mpaka unaigiza sauti yangu mbele ya bageni na bote banacheka. Tena wewe njo infirmière, wewe njo unatunza bagonjwa, mimi ni nani wa kukufundisha chandarua. Barua hii iko juu ya kintu moja. Ni kintu mubaya, na ni mimi niliifanya.

Unakumbuka siku yenye karatasi ya kazi ilifika. Ulisoma jina ya Kasenga, ukaweka karatasi chini ya sahani. Tulikula. Kisha ukanishika mukono, hii ya kuume yenye inauma wakati ya mvua, ukasema:

«Kambo, usikuwe na woga. Sitamutafuta. Mwanamuke mwenye hakunitumia hata chumvi miaka kumi na munane, siko na kazi naye. Mama yangu ni wewe.»

Ukatoa kipande ya nyama mu sahani yako, ukaiweka mu yangu.

Nikaitafuna, mutoto yangu. Nilitafuna nyama yako na nikasema asante. Tangu ile siku bukari haipiti muzuri mu koo yangu, na wewe unafikiri ni huzuni ya safari. Unanipikia uji. Uji nayo haipiti.

Sasa sikia. Mama yako Chola hakukukimbia. Mimi njo nilimufukuza, siku ya Noël, siku ya Yesu kuzaliwa, juu ya nguo. Na chumvi, ni kweli, hakutuma. Alituma kintu ingine na uliikula. Nitafika pale. Uniache niende polepole, juu nikikimbia nitaruka mahali yenye inanihukumu.

Chola alikuwa mutoto ya Kasenga, kule ku mutoni ya Luapula, mutoto ya bantu ya samaki. Baba yako Kabamba alimukuta kule mu safari yake ya camion, akamuleta hapa Hewa Bora, na mimi nilimupenda siku ya kwanza, juu alikula bukari yangu bila kujifanya, mpaka kulamba vidole. Sisi ni bantu ya kaskazini, babu yako alizeeka mu chemin de fer, mu kazi ya treni, na kulikuwa bashangazi benye balisema mwanamuke ya Luapula atatunukishia nyumba yote. Nilibaambia mwenye kuogopa harufu asikuje kula. Chola alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha baba yako akafa njiani ya Sakania, camion ilipinduka, wewe ulikuwa na miaka mbili. Bandugu balikuja kusema mujane arudi kwabo. Mimi nilisimama pa mulango nikasema Chola haendi fasi ingine, huyu ni mutoto yangu. Hiyo nayo uijue. Sikuwa mubaya tangu mwanzo. Njo maana ninaona haya sana. Kama ningekuwa ninamuchukia, ningesema basi, ni chuki. Nilimupenda, na nilimufanya vile nilimufanya.

Alikuwa anauza samaki ya moshi ku soko. Magaribi akirudi, mbele ya kukushika wewe, alikuwa ananawa mikono na ndimu, mara tatu, mara ine, mpaka ngozi inapasuka. Nilikuwa ninamwambia mutoto haina pua ya kizungu. Aliendelea kunawa.

Sasa ile mwaka. Mimi nilikuwa présidente ya bamama ya shirika ku kanisa. Uwaze: mwanamuke mwenye hakukanyaga masomo hata siku moja, na bamama benye diplome banamwita Présidente. Ile jina ilinilevya kuliko lutuku. Kila Noël bamama tulivaa pagne moja, bote sawasawa, kwa kupeleka offrande, sadaka yetu, ku altare na kucheza. Mimi njo nilichagua. Ile mwaka nilichagua ya bluu, na nyota kubwa ya manjano, na chini yake hori ya Yesu na ngombe na punda. Nguo ya nguvu, ukitembea inasikika. Ilikuwa ya bei, na niliipendea ile bei. Nilisema mwenye haina uniforme haingii mu mustari ya offrande, atakaa nyuma pa mulango. Padri hakusema ile neno. Ni mimi nilisema. Mama Sidonie, mwenye alikuwa ananisaidia, aliniuliza: «Présidente, na benye bamekosa?»

Nikamujibu: «Bangojee Pasaka.»

Bamama balicheka. Mimi pia nilicheka. Kulikuwa mmoja hakucheka, mama ya batoto saba, akakunja pagne yake ya zamani ku magoti yake, akaiangalia. Ninamuona mpaka leo.

Chola nilimununulia mimi mwenyewe. Lakini usinipe sifa. Nilitaka kanisa yote ione mujane ya mutoto yangu amesimama nyuma yangu, amevalishwa na mimi. Niliinunulia macho ya bantu. Pagne ilikaa mu sanduku, ikingoja fundi.

Mu lupango, kiwanja ya pembeni, ile wiki, mwanamuke mumoja alikuja kupanga chumba. Alikuwa peke yake, na tumbo kubwa. Bwana yake alienda kuchimba mawe na hakurudi. Mukesha ya Noël akazaa, juu ya mufuko ya sima ya kujengea yenye ilipasuliwa, hakuna hata kitambaa ya kupanguza mutoto. Chola alisikia kilio kupitia ukuta. Akaenda, akarudi, akafungua sanduku, akatoa pagne mupya, haijakatwa, akavuka nayo. Mimi nilikuwa ku kanisa ninapanga viti ya bakubwa.

Ule mwanamuke ni huyu mwenye anakuandikia. Na mutoto ni Noëlla, mwenye mikono yake iko mu nywele yako saa hii.

Feza amesimamisha bic. Nilimwambia andika. Ameniambia: «Mama, ile pagne ni wewe ulituma. Chola alisema: mama mukwe yangu amekutumia hii, ufunike mutoto.»

Nimemujibu sikutuma kintu. Sikujua hata kama alizaa. Nilijua kesho yake, mu mustari ya misa.

Ngoie, unaijua ile pagne. Njo rideau, pazia ya mulango ya chumba yabo, ile yenye nyota ilisha kuwa nyeupe. Tangu ukiwa mudogo unaipita kwa kuisukuma na kichwa kama mbuzi. Uko nyuma yake sasa.

Chola alitoa nguo yake, na akatoa hata shukrani yake, akaiweka mu mikono yangu. Na mimi niliishika. Umeona na macho yako: kila Noël, mbele ya kula kwake, Feza analeta sahani ya kwanza hapa kwetu. Anapiga magoti, anapiga mikono, anasema: «Mama mwenye alinifunikia mutoto.» Na mimi ninaitika. Miaka kumi na munane ninaitika. Ulikuwa unaniangalia na macho ya kusema kambo yangu ni mutakatifu. Nilikuwa ninaangalia sahani.

Feza amelaza bic juu ya sinia, anaangalia mvua. Nimemwambia akitaka kuenda aende, nitamuomba mwalimu ya chorale ya kanisa amalize. Hajaenda. Amefuta bic ku kitenge yake. Amesema: «Sema. Tumalize.» Hakuniita Mama.

Basi, siku ya Noël. Tuko mbele ya kanisa, mustari imepangwa, kuku imefungwa miguu, mahindi, mayai, ndizi, mufuko ya makala ya kupikia, ngoma inajaribiwa ndani. Mimi ninapita kukagua bamama kama kapita ya bafanyakazi. Chola anakuja. Amevaa pagne yake ya maroni ya kila siku, imefuliwa, imepigwa pasi mpaka inangaa. Wewe unashika nguo yake, na bilato mupya ku miguu. Ku kichwa yake iko kikapu ya samaki. Hakuchukua ya biashara. Alichagua ile ya mafuta, akaikausha yeye mwenyewe siku tatu, akaipanga vichwa inaangalia juu, muzuri, kama bantu mu kanisa.

Nikamuuliza uniforme iko wapi. Akajibu na sauti ya chini: «Mama, kuna mutoto alizaliwa.»

Ni hayo tu alisema. Alifikiri ile neno inatosha. Siku ya Noël, pa mulango ya kanisa, mbele ya mwanamuke mwenye amevaa hori ya Yesu ku matako, alifikiri ukisema kuna mutoto alizaliwa, inatosha.

Mimi nikasema kwa sauti ya présidente: «Kugawa nguo yenye hukununua ni wizi. Toka mu mustari, unaaibisha nyumba ya Kabamba.»

Kisha njo nilifanya ile yenye inanikaba mpaka leo. Nilitoa kikapu ku kichwa yake na mikono yangu. Nikamupa Mama Sidonie, mwenye alikuwa na uniforme. Juu samaki ilikuwa muzuri, padri angeiona, nilitaka ipite. Kikapu iliingia. Mwenye kikapu alibaki inje. Nilichukua sadaka, nikaacha mwenye kuitoa.

Ngoma ikaanza. Nilicheza mpaka ku altare, na nilicheza muzuri, bantu balipiga vigelegele. Padri akaweka mukono juu ya kikapu ya Chola, akaibariki. Nikageuka kuangalia nyuma. Alikuwa amesimama pa mulango na bale bamama ya kukosa, wewe unalala ku bega yake, kilato moja imeanguka. Alikuwa anaimba. Ngoie, aliimba mpaka mwisho ya misa, na hakukosa wimbo hata moja. Mimi kinywa ilikuwa inaimba, na kichwa ilikuwa inatafuta maneno ya kujihakikisha kama niko na haki.

Ile maneno nilipata ku meza. Bageni balijaa, kuku tano, masanduku ya sucré ya kunywa. Nikabaadisia juu ya bakamwana ya Luapula, bibi ya batoto yetu, ukimupa nguo anaenda kuvalisha mutoto ya njia. Bakacheka. Chola alikuwa nyuma yangu na bassine na maji ya moto, anapitisha bageni banawe mikono. Alinawisha bote. Akafika kwangu, akanimwangilia maji polepole, isinichome.

Kisha siku mbili akaniambia: «Mama, ninaenda kwetu. Ninaomba mutoto.»

Nikasema: «Mutoto ni ya Kabamba. Ulikuja na kikapu, rudi na kikapu.»

Ulikuwa unalala. Alikushika muguu, hii ya kushoto yenye alama, akaishika kwa muda, mpaka nikakohoa. Akaenda. Kikapu hakuchukua.

Sheria ya ukoo ilikuwa inanipa haki ya kukushika, bandugu bote balisema vile, na mimi nilijifunika na ile sheria. Lakini sikukushika juu ya sheria. Nilikushika juu ya woga: kama ungeenda naye, nyumba ingenyamaza na ningesikia ile nilifanya.

Wakati ulikuwa na miaka tano uliniuliza mama iko wapi. Nilikujibu alichagua samaki kuliko wewe. Hukuuliza tena. Mutoto ya miaka tano, nilimufunga kinywa na neno moja.

Mwaka yenye ilifuata ile Noël ya nguo, mu Majilio, dereva ya camion ya Kasenga akapiga hodi. Alikuwa na kikapu, imefunikwa na majani, imeshonwa na uzi. Akasema: «Ni ya Ngoie, ya Noël.» Nikaifungua. Samaki ya moshi, vichwa inaangalia juu.

Nilitaka kuirudisha. Kisha nikafikiri bageni. Nikaipika na tomati na mafuta nyekundu ya ngazi, wewe ukakula mpaka mafuta inashuka ku kiwiko. Ukaniuliza: «Kambo, inatoka wapi?»

Nikasema: «Ku soko.»

Na mwaka yenye ilifuata, na ingine, na ingine. Haikukosa hata mara moja, hata mwaka yenye barabara ilikatika na mvua, dereva alifika siku ya Noël yenyewe na matope mpaka ku kiuno. Mwaka moja aliniambia mama ya mutoto anaomba uzi, moja tu, urefu ya mutoto kutoka kichwa mpaka muguu, ajue umefika wapi. Nilimujibu uzi haiko mu nyumba hii. Kulikuwa uzi. Ilikuwa mu mukono yangu, nilikuwa ninashona blouse yako.

Kila mwaka wewe mwenyewe ulikuwa unasema Noël bila ile samaki haiko Noël. Kikapu yenye kuku inatagia, ni yake. Ya bitunguu, ni yake. Ile yenye uliweka bapoupée yako ya kucheza, ukaikokota mu lupango yote na kamba ukisema ni camion ya papa, ni ya mama yako. Nyumba hii imejaa bikapu ya mwanamuke mwenye hakutuma hata chumvi.

Na mimi nilifanya nini? Nilinunua. Samaki ikifika nilikuwa nakimbia ku soko kununua ya kuifunika. Robe ya kuvaa, bilato, guirlande ya taa ya kuwakawaka, bafle ya kukodi yenye ilipiga muziki mpaka bajirani banashindwa kusali rozari. Ulifikiri kambo yako anapenda Noël. Nilikuwa na woga ya kimya yake. Yesu angekuja Hewa Bora angekosa fasi ya kukaa kwetu, bafle njo ilikaa ku kiti.

Unakumbuka robe nyeupe, ile yenye mabawa? Ulikuwa na miaka kumi. Wakati padri aliinua mwili ya Bwana, bantu bote balipiga magoti, na mimi nilikushika mukono nikakuambia simama, utachafua. Katoto kalitaka kupiga magoti mbele ya Mungu yake, kambo anamukataza juu ya robe. Ulisimama peke yako mu kanisa yote, kama nguzo. Bantu balikuangalia. Mimi nilifurahi banakuangalia.

Na ukiwa na miaka kumi na mbili, ulirudi ku misa ya Noël miguu tupu. Bilato mupya ulimupa binti mumoja mwenye alikuwa anakaa pa mulango. Nilikupiga. Ulilia ukisema lakini Kambo, alikuwa na baridi. Ulifikiri ninakupiga juu ya bilato. Nilikupiga juu nilimuona Chola amesimama mbele yangu na miguu yako. Jina uko na yangu. Moyo uko na yake. Nilijua tangu ile siku, na badala ya kufurahi niliogopa.

Kisha ile nyama yenye uliniwekea mu sahani. Kesho yake nilienda kuungama. Padri huyu mupya ni kijana, nilifikiri atanipa rozari tatu na kunituma nyumbani. Alinisikia mpaka mwisho. Akauliza: «Na mutoto anajua?» Nikasema hapana. Akasema: «Basi, mama, bado hujamaliza kuungama.» Akaniombea, akaniacha niende na muzigo yangu yote. Nilimukasirikia njia yote. Kufika pa mulango nikaona ana haki.

Sikuombi unisamehe leo. Mutu mwenye ameficha mama ya mutoto miaka kumi na munane haombi kusamehewa mbele ya camion kupiga honi. Kasirika. Kasirika kwa nguvu, uko na haki, na kama utapanda kesho bila kuniaga nitajua njia imekubeba, hiyo inanitosha.

Ninaomba moja. Usipite mbele ya Chola ukisema huna kazi naye. Ile neno ni yangu, niliiweka mu kinywa yako, uiteme. Dereva anaijua nyumba. Umwambie Chola: Kambo amesema ukweli. Usimubebee samahani yangu, samahani haitumwi na mutoto. Nitaileta mwenyewe, njia ikikauka, kama atakubali. Umuulize tu kama ninaweza kuja. Akisema hapana, ni hapana, uniambie bila kuipaka asali. Nilifikiri kumutumia pagne. Niliiacha. Mimi na nguo, tumemufanya ya kutosha.

Na Noël usirudi hapa. Ninajua ulisha kuomba siku za kupumzika, na Noëlla alinipenyezea kama unataka kuniletea pagne ya uniforme. Asante, sitaivaa. Bamama balichagua tena, ya kijani mwaka hii, na présidente mupya iko na sauti kama yangu ya zamani, inaniuma masikio. Mimi nitavaa kitenge yangu ya kutwanga majani ya sombe, imefuliwa, na nitasimama nyuma, pa mulango. Ninataka kujua misa inasikika namna gani kutoka pale alisimama.

Bafle haiko. Kuku itakuwa moja. Na sahani ya kwanza haitatoka kwa Feza kuja hapa. Itatoka hapa kuenda kwake, mimi njo nitaibeba, mimi njo nitapiga magoti, na magoti yangu unaijua, kusimama itabidi banivute. Nimeisema mbele yake sasa hivi. Anaandika tu.

Kikapu ya mwaka hii ilifika juzi, wakati ulikuwa ku hôpital kuaga. Iko chini ya kitanda yangu. Sikuifungua, uzi yake iko vile aliishona. Asubuhi utaikuta juu ya valise yako ya safari. Usiiweke nyuma na mizigo ya bantu. Uishike ku magoti mpaka Kasenga. Siku ya Noël muiweke ku kichwa, yeye au wewe, mupokezane, muingie nayo mu mustari bote babili. Kama kule nako kuna mwanamuke amesimama pa mulango anauliza nguo, umupite. Nimekupa ruhusa, mimi mwenye nilikuwa ule mwanamuke.

Nilifikiri nimemaliza. Feza amesimama, ametoka mu mvua, nikajua haiko tena mutu yangu. Kisha amerudi, amelowana, na kintu imekunjwa chini ya kitenge. Kama unajiuliza kwa nini Mama Feza aliingia katikati ya kusukwa akatoa rideau na kutoka nayo bila maelezo, njo hii. Ameiweka juu ya meza. Nyota haionekani tena, ni kivuli ya nyota tu. Nimemwambia zawadi hairudishwi. Amesema:

«Sirudishi. Ninataka Chola aione vile imezeeka na kazi. Kisha anitumie tena, mulango yangu iko wazi na mvua inaingia.»

Nilicheka. Yeye hakucheka sana, lakini amekaa tena ku kiti, amechukua bic. Mama bado hajaniita. Nitangoja.

Hapa chini nimeweka kidole yangu mu wino, nikaibandika ku karatasi. Jina siijui kuandika, na Feza alitaka kuniandikia, nimekataa. Ni jina ya sisi babili. Kama ukifika mwisho ya karatasi na bado unaitaka, uiandike wewe.